Jiwe la Uani

Iroquois, Louisville
Novemba 2015

Mdogo wangu mpendwa Florida,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, na kupitia kwako nawasalimu majirani zako wa Grant Street wanaokupikia tangu utoke hospitali. Moyo unaendeleaje baada ya upasuaji? Kidonda kimefunga? Chumvi umeiacha kweli, au unawadanganya madaktari? Mimi mwili ni mzima.

Barua hii nimeipitisha Columbus kwa binamu yetu Athanasi. Nimemwomba yeye na mkewe Agata wakuletee kwa gari na wakae nawe unapoisoma. Usiwafukuze, hata ukijisikia una nguvu.

Uliniuliza kwenye simu hoteli anayojenga Kwizera wetu ikoje, nami nikajibu kwa mkato. Leo ngoja nikueleze vizuri, kama nilivyozoea darasani.

Iko katikati ya mji. Wenyewe wanataka mgeni aone mambo mawili mahali pamoja, ujenzi wa kale wa Kijapani na wa siku hizi. Kwa hiyo nje ni vioo na chuma, lakini ndani milango ni fremu za mbao zilizowambwa karatasi nyeupe, na huifungui, unaisukuma pembeni. Viatu vinaachwa nje. Katika vyumba vya bei ya juu kabisa watu watalala chini, kwenye mikeka ya majani. Kwizera alipoiona alicheka mpaka akakaa. Alisema matajiri wamechelewa, sisi tumelala hivyo kwenye kambi ya wakimbizi ya Mtabila miaka yote na hakuna aliyekuja kutupiga picha. Akasema Mama Florida angefaa kuajiriwa hapo kama mtaalamu.

Yeye alikuwa kwenye kikosi cha bustani. Kuna ua wa ndani usio na ua hata moja, kokoto tu zilizochanwa kwa reki kama mawimbi, na mawe makubwa. Mzee mmoja wa Kijapani, fundi wa bustani, alimweleza kwamba jiwe haliwekwi, linapandwa: sehemu yake kubwa hufukiwa, ili lionekane limezaliwa hapo. Kwizera alinisimulia hayo akila, akinitania kwamba hatimaye nimepata mwenzangu wa maelezo marefu.

Florida, sasa mwombe Agata akushike mkono.

Jiwe la mwisho lilikuwa likishushwa kwa winchi. Msimamizi aliwaharakisha, maana siku ya ufunguzi ilikuwa imeshatangazwa. Mkanda ulikatika. Kwizera alikuwa ndani ya shimo, anasawazisha udongo. Daktari aliniambia hakuteseka, nami nimechagua kumwamini.

Ilikuwa asubuhi ile ile uliyoingizwa chumba cha upasuaji.

Ulipozinduka ukampigia, simu yake ilikuwa mfukoni mwangu. Nilikuambia yuko kazini. Ukasema nimwambie avae sweta, baridi imeanza. Nikaitikia. Kila uliponiuliza tena nilikuwa na jibu, na kila jibu lilikuja kwa urahisi kuliko lililotangulia.

Wazee wa kanisa walisema moyo wako hautahimili, nami nilikubali upesi mno. Mama yake mzazi alipofariki kambini, mimi nilirudi kufundisha. Wewe ndiye uliyemfunga mgongoni, ukamtafunia chakula, ukaitwa Mama. Lakini makaratasi ya nchi hii yanamjua baba tu, kwa hiyo sahihi yangu ilitosha. Tumeshamzika, Florida. Ilikuwa Jumamosi. Msimamizi alituma maua. Mzee wa Kijapani alikuja mwenyewe, akainama mbele ya jeneza mpaka kofia ikamdondoka. Watu tusiowajua walikuwepo, na mama yake hakuwepo.

Hoteli imefunguliwa. Nasikia wageni wanalisifu lile jiwe.

Matanga sijayafunga. Waumini wananisihi tumalize, kwa kuwa wana zamu zao kwenye maghala, nami nimekataa. Daktari wako akiruhusu, Athanasi atakuleta. Utakapoingia nyumbani usinipe mkono, wala usiniamkie kama kaka. Yaseme yote uliyo nayo, mbele ya watu, kwa sauti yoyote utakayoipata. Nitakaa chini nikusikilize, na sitaeleza kitu.

Athanasi na Agata wapokee shukrani zangu kwa safari. Mungu akulindie huo moyo mpaka tuonane.

Ni mimi kaka yako,
Semahoro