Hodi kwa Mwanamke wa Jiwe

Kwa Bi Jokha, mke wangu, Wete,

Salamu kutoka Walthamstow, huku ughaibuni. Baridi ipo, muhogo sokoni upo, na meno yangu mawili yaliyobaki bado hayajaachana.

Jana mjukuu wetu Miska alinipeleka kwenye maonyesho wanaporuhusu watu kushika sanamu. Mchongaji ni Mzungu wa Kikatalani, wa siku hizi, lakini anachonga kama mafundi wa kale. Mkono wangu ukaangukia paja la mwanamke, hana hata kanga! Nikaurudisha upesi, nikapiga hodi.

"Babu, ni jiwe hilo!"

"Jiwe lenye nyonga," nikamjibu, nikavua koti nikamsitiri.

Kisha nikamgusa uso tu. Shavu, kidevu, midomo. Alikuwa amenuna kidogo, kama wewe nikichelewa kula.

Sasa nikwambie. Simu niliyosema haionyeshi picha ni nzima. Ni macho yangu, Jokha, yamezimika tangu Ramadhani. Ndiyo maana mistari hii inapanda mlima.

Nimeshakata tiketi. Nikifika usikimbilie jikoni. Kaa nikupapase uso, hata ukinuna. Na hodi sitapiga.

Mtundu wako,
Sufian