Ufunguo wa Buti

Jeddah,
Ijumaa, baada ya sala.

Kwa mdogo wangu Zuhura,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima, goti la Mama limepoa, na Baba bado anagombana na paka wa barazani. Mimi mwili hauna neno, namshukuru Mungu. Roho ndiyo inayoumwa, na ugonjwa wenyewe nitautaja bila kuzungukazunguka: nakuonea wivu, Zuhura. Nimekuwa nao tangu barua yako ya kwanza na nimechoka kuuficha.

Uliniandikia kuwa likizo ya shule ikifika unataka kuchukua gari langu uende Malindi peke yako, asubuhi kwenda, jioni kurudi. Ukasema Baba hana kipingamizi, ila amekwambia, "Gari ni la dadako. Mwandikie yeye." Nami nikakujibu kuwa breki si za kuaminika, na kwamba nisingepata raha huku nikijua unateremka kule Mtwapa na breki mbovu. Ilikuwa barua nzuri ya dada mwenye huruma. Zuhura, zile breki nilizizua mezani kwa wauguzi huku nakunywa chai.

Sasa umeniandikia tena kwamba ulimpelekea gari fundi wa Makupa, akaingia chini yake, akatoka akicheka: "Mwalimu, breki hizi ni nzima kuliko za lori langu. Ni nani alokwambia mbovu?" Niliposoma hapo niliona haya, nikaikunja karatasi. Lakini haya haikudumu. Nilipoikunjua nikakuta habari ya jirani yetu Bi Shamsa na ufunguo wa buti la gari, na wivu ukarudi mzima mzima. Hayo ya ufunguo nitayafikia.

Kwanza nikueleze ninavyoishi, usije ukadhani nimekuwa na roho mbaya bure tu. Kazi ya wodini ni nyingi lakini naiweza. Chakula si kibaya. Kinachonishinda ni kwamba huku mwanamke haendeshi gari. Si kwamba watu watamsema. Hairuhusiwi kabisa. Alfajiri basi la hospitali linatuchukua bwenini, lina mapazia, nasi tunakaa humo kama sahani kabatini. Na njia yenyewe, ungeiona! Inafuata bahari moja kwa moja, pana, lami haina hata kiraka, samawati upande mmoja mpaka macho yanachoka. Mimi nachungulia penye mwanya wa pazia. Kila tunapofika kwenye mzunguko, mguu wangu wa kulia unakanyaga breki isiyokuwepo. Dereva wetu, mzee wa Kisudani, ameshaniona kwenye kioo. Juzi aliniuliza kwa Kiarabu, "Dada, umenisimamishia basi?" Basi zima likacheka, nami nikacheka. Tulipofika niliingia stoo ya mashuka nikalia, nikanawa uso, nikaenda kupima watu joto. Leseni yangu, kile kijitabu chekundu, naiweka chini ya mto. Ilishapitwa na wakati lakini siitupi.

Halafu ikafika kaseti ya Mama. Mama anaongea habari za goti na za harusi, na nyuma yake, dirishani, namsikia Baba barazani na wenzake. Anasema kwa sauti ya juu ili mtaa wote wa Kibokoni usikie: "Huyu wangu mdogo yuwaenda pekeye mpaka Malindi. Nimemwambia nitie na mimi nikusindikize, hataki!" Kisha anacheka, na wenzake wanamwambia mashallah. Nimeirudisha kaseti hapo mara ngapi sijui, mpaka mwenzangu wa chumbani akaniuliza kama ni wimbo.

Zuhura, ni Baba yule yule. Mimi nilipomwomba hivyo hivyo alivua miwani akaniambia, "Mwanamke na gari pekeye ndiani? Watu wataniuliza nyumba hii haina mwanamume." Ningependa kukwambia kwamba nafurahi amebadilika. Sijafika huko. Nauliza kwa nini hakubadilika mapema, wakati mimi nilikuwapo. Nakuona wewe unapita mlango nilioupigapiga mimi mpaka ukalegea, na huna hata chubuko.

Habari ya safari yangu wewe ulisimuliwa kama kichekesho, maana ulikuwa shule ya bweni. Sikiliza ilivyokuwa. Nilijifunza rivasi pale kando ya Ngome ya Yesu, wauza vinyago wakinishangilia na kuhamisha vinyago vyao. Nilipolipata gari, nilikaa mwezi mzima napanga. Nilichukua ukurasa wa daftari nikaandika kila kituo: wapi nitapunguza mwendo, wapi nitanunua korosho, wapi nitazima gari nisikilize tu. Kosa langu ni moja. Nilimwambia Mama siku ya Jumanne.

Mama akamwambia Bi Shamsa wa ukuta wa pili, ambaye binti yake ameolewa Malindi. Na watu wetu unawajua. Kwetu msafiri ni mali ya mtaa, na anayekataa mzigo wa jirani atasemwa mpaka wajukuu zake wasikie. Ijumaa alasiri ukumbi ulijaa. Kulikuwa na halua, samli ya chupa, dawa ya kifua, kichwa cha cherehani kimefungwa kwenye kanga, na jogoo. Magharibi akaja Bi Shamsa mwenyewe na buibui lake jipya: "Mwanangu, mimi si mzigo. Ntakaa tu." Shangazi aliposikia Bi Shamsa anakwenda naye akakumbuka ana wifi huko. Asubuhi, Mama ameshanishikia Msahafu mlangoni nimepita chini yake, Baba akanyoosha mkono akautoa ufunguo kwenye kiganja changu. "Wazee hawa siwezi kuwatia mikononi mwa mtu alojifunza juzi."

Basi ndivyo nilivyokwenda Malindi kwa gari langu mwenyewe: nyuma, katikati, jogoo miguuni. Bahari sikuiona. Niliona bega la Bi Shamsa upande huu na cherehani upande wa pili. Kwenye feri ya Kilifi wote waliteremka kupunga upepo, mimi nikabaki kumshika jogoo.

Niliporudi nilijipanga upya kimya kimya. Ndani ya buti niliweka mkeka mdogo, chupa ya chai, raba zangu za kutembelea mchangani, ule ukurasa wa daftari, na kikombe kimoja. Kimoja, Zuhura, sikuweka cha pili makusudi. Nikafunga kwa ufunguo wake, ambao si ule wa kuwashia gari. Zilibaki wiki mbili kufika siku niliyoichagua, na ndipo barua ya kazi ya Jeddah ikaja pamoja na tiketi, na siku zikawa si zangu tena. Uwanja wa ndege, nikitafuta pasipoti, vidole vikagusa ufunguo wa buti ndani ya mkoba. Baba alikuwa hatua kumi, ananipungia. Ningeweza kumrushia. Nikafunga mkoba.

Mliponiandikia kuuliza, nikajibu umepotea. Haukupotea. Uko hapa, nimeufunga kwenye kitambaa ndani ya sanduku langu. Miaka mitano sasa Baba anaendesha gari lisilofunguka nyuma, na ile spea iliyokuwa kwa fundi ikizibwa pancha wiki niliyoondoka ikarudi ikakosa pa kuwekwa, mpaka leo imelala kiti cha nyuma kama mgonjwa. Najua anavyolalamika. Nilikuwa nikisoma malalamiko yake nafurahi kidogo, Mungu anisamehe. Nilijiambia: angalau kuna mahali kwenye gari hilo ambapo hawafiki bila mimi.

Na sasa wewe unaniambia Bi Shamsa ameshasikia. Ana kifurushi kidogo tu cha binti yake. Ameuliza kama ufunguo wa buti umepatikana, na fundi amejitolea kuvunja kufuli. Niliposoma maneno hayo, kifurushi kidogo tu, nilimwona jogoo.

Barua hii nimeiandika mara tatu. Ya kwanza ilikataa. Ya pili ilikubali kwa maneno matamu ambayo nilipoyasoma sikumjua aliyeyaandika. Hii ndiyo yangu. Bado nina wivu, na nakwambia nenda.

Toka mara tu baada ya sala ya alfajiri, uvuke Daraja la Nyali kabla ya jua kupanda, maana litakupiga usoni. Kongowea usisimame, sokoni hapo watakujua watatu, kila mmoja na mzigo wake. Ukishapita Mtwapa fungua kioo. Vipingo utaona mkonge umepangwa mistari mpaka upeo wa macho, na ukiendesha mistari inageuka. Nilikusudia kupunguza mwendo hapo, nawe upunguze. Kilifi sina la kukwambia. Mimi naijua ya feri. Hilo daraja lilifunguliwa nimeshaondoka, nimeliona kwenye picha tu, na wewe utalivuka ukiwa juu ya maji na mikono yako kwenye usukani. Hapo naomba usiniandikie kwa urefu. Niandikie mistari miwili, nitaweza kuivumilia miwili. Kisha msitu, kisha Gede, kisha utaanza kunusa bahari kabla ya kuiona.

Usimwambie mtu siku. Hata Mama mwambie ukiwa umeshavaa buibui, akushikie Msahafu, upite, uwashe gari.

Na ufunguo siutumi. Kufuli lisivunjwe, mwambie fundi mwenye gari amekataa. Spea ibaki pale pale ilipolala, kwa hiyo nyuma hapakaliki. Kiti cha mbele weka mkoba wako na uufunge mkanda. Bi Shamsa akija na kifurushi, huna haja ya uongo wangu wa breki, mpe kweli tupu: buti halifunguki, ufunguo ameushika dada Jeddah, ni mtu wa roho ngumu. Lawama zote nitwike mimi. Wanisengenye watakavyo, huku hazifiki.

Nisalimie Mama, mwambie kaseti imefika na nitamjibu kwa sauti yangu. Msalimie shangazi, na wifi yake wa Malindi ukimwona kwa mbali usisimame. Bi Shamsa jirani yetu mpe salamu za heshima, na umwambie nakumbuka alivyonilalia begani kutoka Vipingo mpaka feri. Fundi wa Makupa mwambie nimekoma kuzisema breki. Baba mpe mkono wangu. Mwambie nimeisikia sauti yake kwenye kaseti. Usiongeze neno, mtazame tu usoni kisha uniandikie alivyofanya.

La mwisho. Najua nimekukataza vifurushi vya watu wote, lakini changu kimeshapakiwa, huna la kufanya. Kimo humo ndani ya buti tangu siku ile. Huna haja ya kukitoa wala kukikabidhi kwa mtu. Ukifika Malindi, tafuta mahali patupu kando ya pwani, uegeshe kwa rivasi, buti lielekee baharini. Kisha nenda zako ukatembee, uliache hapo kwa muda.

Ni mimi dadako, mwenye gari,
Maimuna