Mke Wangu Anaonja Pipi, Daktari Amekataza

Mpendwa mshauri,

Kwa heshima na taadhima, na kwa huzuni isiyo na kifani, naomba kuutangazia umma kupitia safu yako kwamba pipi nyeupe za duka letu, ambazo tangu tufungue mlango zilikuwa za iliki, mwezi huu zilitoka na ladha ya ndimu, na zile za ndimu hazikuwa na ladha ya kitu chochote, na mwalimu mmoja mstaafu, mteja wetu wa siku nyingi, alirudi na mfuko wake akaumimina juu ya kaunta mbele za watu akasema, "Mzee, mimi nimezoea kudanganywa na wanasiasa, si na pipi." Watu walicheka na mimi nikacheka, lakini naomba msaada wako, maana nyuma ya kicheko hicho kuna mguu wa mke wangu.

Mimi ni mpika pipi. Cheti sina, nilijifunza kwa kuungua. Duka letu ni chumba kimoja, mbele kaunta na mitungi ya kioo, nyuma jiko, katikati pazia. Shira naijua kwa macho na masikio, nikidondosha tone kwenye bakuli la maji baridi nikalivunja likalia kama kioo najua imeiva, naimwaga juu ya meza ya mawe niliyoipaka mafuta, naivuta kwenye ndoano ya ukutani mpaka inakuwa nyeupe, nakata kwa mkasi, na hayo yote nayaweza hata nikiwa nasinzia. Nisichokiweza ni ladha. Zamani niliugua homa kali, na ilipoondoka iliondoka na pua yangu, si pua yenyewe, hiyo ipo na haina haja ya kutafutwa, nasema kazi yake, na pua ikifa ulimi unabaki mjane. Tamu naijua, chumvi naijua, basi. Iliki na ndimu kwangu ni mapacha waliovaa sare.

Kwa hiyo ulimi wa duka ni mke wangu. Kila sufuria, kabla sijaimwaga, nachota kidogo kwa kijiko cha mbao, nakipoza majini, nampa. Anafumba macho. Wateja walioko kaunta wananyamaza kama wako msibani, kisha yeye anasema "bado" au anasema "tosha", na akisema tosha hata wasiokuwa na nia ya kununua wananunua. Juu ya mlango tumeandika kwa rangi nyekundu, KILA SUFURIA HUONJWA NA MAMA. Watu hawaulizi kama pipi ziko tayari, wanauliza, "Mama ameonja?"

Sasa mama ana kisukari. Daktari alimwambia, "Mama, kuanzia leo utamu kwako ni wa kuangalia kama picha," na mke wangu akamjibu, "Daktari, mimi ndiyo kazi yangu hiyo, wewe ukiambiwa damu ni ya kuangalia utaacha kupima?" Daktari hakucheka. Njiani tukapatana kwamba ataonja kisha atatema, nikamwekea kopo kando ya jiko, kopo zuri lenye mfuniko. Na hapa ndipo naona aibu, mshauri, maana kila jioni nalichukua lile kopo kwenda kulisuuza, na kila jioni ni kavu. Kavu kabisa, unaweza kuhifadhi kiberiti. Nalisuuza hivyo hivyo, nalifuta, nalirudisha mahali pake, na yeye ananiangalia nikilirudisha.

Kidonda kikaanza kwenye kidole kidogo cha mguu wa kushoto, kikawa hakikauki, mwisho wakakikata kidole chenyewe. Siku alizolazwa ndizo nilizopika peke yangu, na ndizo siku za yule mwalimu. Aliporudi, jirani yetu fundi viatu alimtengenezea kiatu kipana, akakileta mwenyewe akasema, "Shemeji, cha kushoto ngozi imenibakia, ukiendelea na mwendo huu utakuwa unaniagiza kimoja kimoja." Tulicheka wote, yeye akatushinda. Baadaye nilipopenya pazia nilimkuta amekaa juu ya gunia la sukari anautazama mguu wake kama mgeni aliyekuja bila taarifa.

Nilidhani angepumzika. Lakini habari ya ndimu ilikuwa imeshamfikia, na asubuhi yake akaingia jikoni akichechemea, akafunga kanga kiunoni, akanyoosha mkono. Nikamwambia, "Mama, daktari amesema kikirudi kidonda, kinachofuata kukatwa ni mguu, si kidole." Akasema, "Mzee, ulimi wako wewe ni pambo. Nisipoonja mimi aonje nani? Au tuandike pale mlangoni, Kila Sufuria Hubahatishwa na Baba?" Nikampa kijiko. Ndiyo, nilimpa, na tangu siku hiyo nampa, na juzi nimeona ameanza kuvaa soksi ndani ya nyumba na hataki niuone ule unyayo.

Nikimkataza, duka litakufa, na yeye bila duka ni mtu wa kuketi dirishani na kuhesabu magari, ameshaniambia hivyo. Nikinyamaza, nitamzika vipande vipande. Nifunge duka? Nimwambie najua kwamba kopo ni kavu? Au niendelee kulisuuza? Naomba unijibu upesi, na tafadhali usitaje duka letu, wateja wetu ni wasomaji wako.

Mimi mpika pipi asiye na ulimi.

JIBU

Ndugu yangu mpika pipi,

Pole. Ipokee hiyo pole vizuri uiweke mfukoni, maana huko mbele sina nyingine.

Barua yako nimeisoma nikacheka mahali ulipotaka nicheke. Una kipaji. Lakini nimegundua umekitumia kunipitisha haraka mahali fulani, kama mwenye nyumba anayemtembeza mgeni vyumba vyote na kuuegemea mlango mmoja. Umeandika kwamba mkeo anaonja, mkeo hatemi, mkeo hasikii. Nani anachota? Nani anapoza kijiko majini? Nani anamkabidhi? Ni mkono wako, bwana. Mama wa watu hajapanda juu ya jiko kuiba shira. Anapelekewa, tena kwa adabu.

Na lile kopo ulilisuuza la nini? Kopo kavu halisuuzwi. Ulikuwa unamwambia kwa vitendo, "Endelea, sitakuumbua," naye alikuwa anakujibu kwa kimya, "Asante." Ninyi wawili mmeoana vizuri mno, ndiyo shida yenu. Wengine wangegombana mapema na kidole kingekuwepo.

Unasema asipoonja yeye aonje nani. Mimi nimekaa hapa mezani, sijawahi kuvuta shira maishani mwangu, na jibu nimeliona kabla sijafika mwisho wa barua. Dukani kwako wanaingia watu kutwa nzima, na kila mmoja amekuja na ulimi wake mdomoni. Yule mwalimu mstaafu alitambua iliki na ndimu bila kuambiwa, akarudi kwa miguu yake kuja kukueleza. Mtu wa namna hiyo wenzako wanamtafuta kwa tochi, wewe ulicheka tu. Mwite. Mpe kiti, mpe kijiko. Atalalamika kila siku, na ndicho unachokitaka.

Kwa hiyo fanya hivi. Sufuria ya kesho asubuhi mkeo asipewe kijiko, hata akinyoosha mkono mpaka jioni. Nunua mizani ndogo. Mwalimu akisema tosha, andika uzito wa iliki uliyoipima kabla ya kuitia, na siku nyingine tia huo huo, uache kukadiria kwa kiganja. Chupa za ladha zifunge kamba, moja fundo moja, nyingine mafundo mawili, ili vidole vifanye kazi iliyoishinda pua. Maandishi ya mlangoni yafute wewe mwenyewe, tena mchana, watu wakiona. Watakaoacha kununua kwa sababu hiyo waende salama.

Kisha soksi. Usingoje akuonyeshe. Piga magoti, mvue, utazame huo unyayo, hata akikutukana ukoo mzima. Mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo na useme habari ya kopo humo chumbani kwa daktari, mkeo akisikia. Atakununia. Mke aliyenuna akiwa na miguu miwili ni neema, kaulize waliokosa. Na huko kuketi dirishani kusikutishe. Anao mdomo, na kwa jinsi ulivyoyaandika maneno yake, mdomo huo unaweza kuuza pipi bila kuzionja.

Usiniandikie tena kuniuliza kama umekosea kumnyima. Niandikie ukishamnyima.

Nilikuwa nimeshamaliza kuandika haya yote nikaona gazeti litachelewa, kidonda hakina ratiba, nikaipigia namba uliyoiweka nyuma ya bahasha. Alipokea mkeo. Sikujitaja, niliuliza tu kama upo. Akasema umetoka kwenda kununua sukari na jiko halijawashwa tangu asubuhi. Maneno yalikuwa yanamtoka kwa shida, nikamuuliza kama anaumwa. Akacheka, nikasikia kitu kigumu kikigonga meno.

Alikuwa na pipi mdomoni.