Tunamtafuta Kijino

3 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Sisi wazima, ila nyumba imekuwa kubwa mno. Kikombe cha Kijino bado nakiosha kila asubuhi, ingawa hakuna anayekichafua.

Jana nilifungua ile maktaba ya mtandaoni ya chuo chenu. Pale chini palipokuwa pameandikwa "Imejengwa na Kijino", sasa kuna jina lako na picha umevaa tai. Jina la Kijino ulimpa wewe, siku alipokuletea jino lake la kwanza kung'oka, kiganjani. Maktaba hiyo mwanangu aliijenga mezani kwangu, huku akiniuliza, "Mama, wewe ukitaka kitabu cha homa ya mtoto ungeandika neno gani?"

Lirudishe.

Dada yako

10 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini presha imetulia. Maktaba ni ya chuo, na marehemu alikuwa mwajiriwa tu. Mei wakaguzi wanakuja kuipima. Wakikuta jina la utani watatucheka. Mwache apumzike. Na wewe dada, tangu lini ukajua mambo ya kompyuta?

Mdogo wako, Mkuu wa Maktaba

22 Mei

Dada,

Shikamoo. U mzima? Mimi silali. Wakaguzi wametaka kuona maneno ambayo wasomaji wameyatafuta wakakosa. La kwanza: "Kijino". La pili: "Kijino yuko wapi". Wameniuliza mbele ya mkuu wa chuo ni mwandishi gani huyu anayetakiwa na watu wote hawa, nasi hatuna hata kitabu chake kimoja. Nilitokwa jasho hadi kwenye soksi. Ni wewe na wale kina mama wenzako wa cherehani!

Jina narudisha leo hii. Wakaguzi watarudi Agosti. Nakuomba, waambie waache.

Mdogo wako

25 Mei

Mdogo wangu,

Mimi mzima. Siku hizi nakula nikashiba.

Kijino aliniambia maktaba nzuri hukumbuka kile watu walichokosa, ili mwenye nayo aone aibu akajaze. Kipande cha programu kinachoyakumbuka hayo hukukifuta kwa sababu hukujua kipo. Wenzangu wakimaliza pindo, wanashika simu, wanaandika jina lake. Wao hucheka. Mimi sicheki.

Jina tumeliona, limekaa vizuri. Tai yako nayo bado ipo.

Kwa hiyo tumeanza neno jingine: "aliyemfuta Kijino". Leo tumetafuta mchana kutwa, hatujapata kitu.

Mama Kijino