Nilimwekea Mdomo Mwanamke wa Penseli

Mpendwa Mama Ildefonsa, shikamoo. Nakuandikia hapa gazetini unisaidie kabla sijapoteza mke kwa sababu ya mdomo, na simaanishi mdomo wa matusi, maana katika miaka kumi na moja ya ndoa sijawahi kumtukana, namaanisha mdomo wa kuchora.

Mimi naitwa Anuari, nina duka la madaftari, kalamu na karatasi hapa Ngara mjini, na mke wangu Fathiya ndiye anayekaa kaunta mchana. Tangu kambi za wakimbizi zifunguliwe wateja wameongezeka, na mmoja wao ni Ndikumana, Mrundi wa kambini, fundi wa kuchora, ambaye shirika moja la afya lilimpa kazi ya kuchora kitabu cha katuni cha kufundisha watu kuchemsha maji. Kitabu kinamhusu Mzee Tumbo, mtu mbishi anayekunywa maji ya mtoni halafu anakimbilia chooni. Kilipotoka, Ndikumana alikuja kununua penseli akiwa amebana kwapani zile kurasa za asili alizochora kwa mkono, akasema anakwenda kuwashia moto, kwa kuwa kitabu kimeshachapwa. Fathiya akaruka kutoka kwenye kiti. "Kaka Ndikumana, usithubutu! Niachie mimi." Kuanzia siku hiyo kila karatasi aliyoichoka Ndikumana, au aliyoianza akaiacha njiani, inaletwa kwangu na kulazwa ndani ya sanduku la bati ambalo zamani lilikuwa na vitenge.

Mama, mimi nilimpa Fathiya kitabu kilichochapwa, kisafi, cha rangi, nikamwambia tazama hiki. Akanivuta dirishani na ukurasa wa asili, akauinamisha kwenye mwanga. "Baba Shamsia, ona. Choo kilikuwa kule mbali, akakifuta. Akakileta hapa, akakifuta tena. Alikuwa anapima Mzee Tumbo atafika wapi kabla hajaaibika." Nikaona kweli alama za vyoo viwili vilivyofutwa, na cha tatu kimepigwa wino, na ile rangi nyeupe ya kufutia imekauka kama uji kwenye sufuria. Nikamwambia basi fundi huyu hajui kazi, fundi mzuri anajenga choo mara moja. Fathiya akacheka mpaka akakaa chini, na mimi sikuwa natania.

Lakini hizo ni afadhali, zina mwisho. Zilizonishinda ni zile zisizokwisha. Kuna ng'ombe mwenye pembe, kichwa na miguu miwili ya mbele, baada ya hapo karatasi tupu, nikauliza akishakula chakula kinatokea wapi. Na kuna mwanamke aliyeshika kidevu, kilemba kimechorwa, macho yamechorwa, pua imechorwa, chini ya pua hakuna kitu. Huyo Fathiya alimbandika ndani ya mlango wa kabati la vyombo, kwa hiyo kila nikifuata kikombe ananikodolea macho. Nikampa jina la Bubu. Nilikuwa nauliza, "Huyu bubu wako ataongea lini?" Fathiya ananitazama, anangoja kidogo kama mtu anayetegemea niendelee, halafu anaondoka kwenda kuosha vyombo. Ikawa hivyo wiki tatu.

Jumapili iliyopita alikwenda Kanazi kumwangalia mgonjwa, nami nikaona nimfanyie jambo jema. Nikachukua kalamu bora dukani, ya wino wa bluu, nikamwekea yule mwanamke mdomo. Wa juu ukawa mnene, nikaongeza wa chini ili ulingane, wa chini ukazidi, nikarudi juu, na mkono ulikuwa na jasho, wino ukatapakaa chini ya pua. Nikamwongezea shingo na mkufu. Mwisho nikaandika tarehe na kugonga muhuri wa duka, kwa sababu katika shughuli zetu kazi isiyo na muhuri haijaisha. Nikamrudisha kabatini, nikakaa kungoja shukrani.

Fathiya akarudi, akafungua kabati achukue kikombe. Akasoma tarehe na muhuri.

"Umemaliza?" akauliza.

Nikajibu kwa furaha, "Nimemaliza, mama Shamsia."

"Basi na mimi nimemaliza."

Hakupiga kelele, ingekuwa nafuu. Kesho yake akamchukua mtoto wetu Shamsia na lile sanduku la bati, nguo zake karibu zote akaziacha, akaenda kwa kaka yake Haji huko Biharamulo. Yule mwanamke akaachwa juu ya kaunta.

Jumanne Ndikumana akaja kununua kifutio, nikamwonyesha. Alicheka akashika rafu, madaftari yakaanguka. "Mzee Anuari, mbona umemwekea mdomo wako? Hata sharubu umempa!" Halafu kicheko kikamkatika, akanitazama. "Mzee, kweli hukumjua? Huyu si mama Shamsia?" Akanieleza kuwa alimchora pale pale kaunta, lori la kurudi kambini likapiga honi kabla hajafika mdomoni, na alipotaka kumalizia siku ya pili Fathiya alikataa. Alimwambia, "Mdomo uache. Nataka nione baba Shamsia atanijua lini."

Mama, nilikaa juu ya boksi la chaki. Ndikumana alipoondoka niliufunika ule mdomo kwa kidole gumba, nikamwona mke wangu, anavyoshika kidevu mteja akimdanganya.

Sasa ndugu yangu Abbasi anasema mwanamke haondoki kwa sababu ya karatasi, nichunguze kuna mwanamume, lakini Ndikumana ana mke na watoto wanne, na mtu anayeniibia asingecheka vile. Wengine wanasema niukwangue wino kwa wembe. Mimi nimekwisha kuongea na Emilian, yule anayechora mabango ya saluni, amchore Fathiya mzima kwenye mlango wa duka kwa rangi ya mafuta, na midomo myekundu na hereni, ili asiwepo mtu atakayeuliza tena huyu ni nani. Nishauri, nimruhusu aanze?

Anuari, Ngara Mjini, Julai 1998

MAMA ILDEFONSA ANAJIBU

Marahaba, Anuari. Emilian afunge makopo yake leo hii. Mkeo amekukimbia kwa picha moja iliyozidishwa, nawe unataka kumletea ya pili yenye ukubwa wa mlango!

Nakuonea huruma, maana hukuwa na nia mbaya. Ulitoa kalamu bora dukani, na wengine wangetoa mbovu. Lakini mwanangu, karatasi haikuwa yako. Hukuuliza. Ungemkuta Fathiya amekupangia upya madaftari yako yote kwa rangi ya majalada, ungesema ni jambo jema?

Na unakosea ukidhani kitu kisichokwisha ni kitu kilichoharibika. Anachokipenda mkeo si uvivu wa Ndikumana. Anapenda kuuona mkono wa mtu ukiwa bado unatafuta. Alikuita dirishani akuonyeshe, akakueleza vizuri kuliko ninavyoeleza mimi, ukamjibu habari za mafundi wa vyoo. Nakiri hapo nilicheka na mimi. Kisha nikasoma barua yako yote, kurasa tano, nikitafuta mke wako anafananaje. Ng'ombe nimemjua. Mzee Tumbo nimemjua. Fathiya nimemwona mara moja tu, pale ulipoweka kidole gumba.

Habari ya Abbasi iache. Mwanamke anayetoroka na mwanamume habebi sanduku la katuni.

Fathiya naye, kama gazeti linafika Biharamulo, namwambia haya: mtihani usiotangazwa si haki. Wiki tatu ulimwacha mtoto wa watu atafute jibu la swali asilolijua. Ungemwambia, "Baba Shamsia, tazama vizuri." Wanaume wengine lazima waelekezwe kwa kidole.

Wewe, Anuari, fanya hivi. Wembe usiuguse. Ukikwangua utatoboa karatasi, na yeye atajua ulijaribu kuficha. Ibebe picha ilivyo, na sharubu zake na muhuri wake. Usitangulize mshenga wala usinunue kanga ya kuombea msamaha. Mwenye nyumba ni shemeji yako, ukipiga hodi atakufungulia. Ukishamwona mkeo sema, "Sikukutambua, na nilishika kitu chako bila ruhusa." Nyamaza hapo. Najua utatamani kuendelea, usiendelee.

Akikubali kukaa, mwombe afungue sanduku akuonyeshe karatasi moja moja, naye ndiye ageuze. Usiulize itaisha lini. Akikuuliza unaona nini, taja unachokiona: mstari huu umefutwa, huu umerudiwa mara mbili, hapa mkono ulisita. Usipoona kitu sema huoni, akuonyeshe. Kama hataki kurudi siku hiyo, lala kwa Haji, kesho mfungue tena.

Basi la Biharamulo linaondoka asubuhi na mapema. Funga duka. Wanafunzi wa Ngara wataazimana penseli siku mbili. Nenda.