Kona ya Bomba

Jumapili, 3 Agosti

Kwa shemeji yangu wa makaratasi,

Pokea salamu kutoka kwetu huku chini ya tuta. Mimi mzima, ila masikio. Miaka thelathini ya kugonga bati imeyamaliza, na sasa hata nyundo yangu naisikia kwa kiwiko. Dada yako naye mzima, anasema eti mimi husikia ninachotaka tu, nami hujifanya sijasikia. Wewe na mkeo hamjambo? Hicho kiti cha makao makuu hakijakunenepesha?

Sasa kaa vizuri. Habari hii kwa simu haifai: kwanza sisikii, pili samaki hasimuliwi kwenye simu akaeleweka.

Nimepata kona, shemeji. Unakumbuka pale bomba la zamani la kutolea maji linapopita chini ya tuta la bwawa? Pale ambapo miaka yote hatukupata hata gamba. Basi wiki tatu hizi samaki, wale karpi wetu, wamehamia pale kana kwamba wamegawiwa viwanja. Naandaa mahali kama ulivyonifundisha: mahindi yaliyochemshwa yakachachuka, vikombe viwili kila asubuhi kwa siku tatu, bila ndoana, wazoee. Siku ya nne natia punje tatu kwenye ndoana, nalegeza mshipi, naketi. Jumatano wanne. Jana watano, mmoja kilo tisa, ndevu nne mdomoni na adabu hakuna. Wote nimewarudisha majini isipokuwa mmoja aliyeimeza ndoana yote, huyo dada yako alimalizana naye jikoni.

Kuna jambo moja la ajabu. Chini pale palikuwa pagumu kama meza, risasi ya mshipi ikigonga naihisi mkononi. Siku hizi inazama taratibu, kama imeangukia uji. Na mahindi ninayotupa hayashuki wima, yanavutwa kwenda tutani hata siku isiyo na upepo. Nadhani ndiyo maana karpi wamejipanga pua zikitazama tuta. Chakula kinawafuata kitandani, nani angekataa?

Usimwambie mtu. Fundi viatu ameanza kuninusa, ananiuliza kwa nini viatu vyangu vina tope jekundu. Nimemwambia nalima. Unajua kona ya mvuvi ni kama pini ya benki.

Juzi nilimkumbuka Mwenyekiti, yule karpi wa kilo kumi na nne. Miaka minne sasa! Wewe mkaguzi mgeni, unalala sebuleni kwetu, umekuja kukagua tuta na badala yake tunashindana na samaki tangu saa nne hadi jua linatua, suruali yako ya ofisini imelowa hadi mkandani. Sijawahi kuwa na siku nzuri kuliko ile, hata ya harusi, lakini hilo usimsomee dada yako.

Anakusalimu. Kabichi zake za nyuma ya nyumba zimestawi, na kiangazi chote hajazimwagilia hata ndoo moja.

Ni mimi,
Shemeji yako wa bati


Ijumaa, 15 Agosti

Shemeji,

Nashukuru kwa barua. Sisi wazima, mke wangu anawasalimu, na kiti bado kinanitosha. Nimekuonea wivu wa kweli. Huku maji pekee ninayoyaona ni ya birika.

Naomba unisaidie kitu, ni udadisi wangu tu. Kabichi za dada zinapata wapi maji? Tazama mfereji ulio chini ya tuta, nyuma ya nyumba yenu. Kama una maji, chota glasi moja, iweke dirishani usiitikise mpaka kesho yake, kisha uniambie kuna nini chini ya glasi. Na uangalie kama mahali yanapotokea pana mchanga unaochezacheza.

Usimwambie dada kwamba nimeuliza. Na hiyo kona, ipumzishe kidogo. Samaki nao huchoka.

Jitunze, shemeji. Nijibu upesi.

Shemeji yako wa makaratasi


Jumatano, 27 Agosti

Shemeji,

Salamu. Wote wazima, na hamu ya kuwaona ni ileile.

Nimefanya ulivyosema, ingawa dada yako aliniuliza tangu lini naweka maji machafu dirishani, nikamjibu ni chambo. Asubuhi maji ya juu yalikuwa meupe, na chini kumetulia udongo kidole kimoja. Nilipima kwa rula yangu ya kukatia bati, usije ukasema nakadiria. Mahali yanapotokea pana kishimo, mdomo wake kama kikombe, na mchanga ndani yake unachemka bila moto. Nilitia kidole. Maji yake baridi, kama yale ya chini kabisa ya bwawa.

Kuipumzisha kona nimeshindwa, unisamehe. Jumapili samaki tisa. Tisa! Na Mwenyekiti nimemwona. Alipanda juu ya maji hatua nne tu kutoka nilipoketi, ule mdomo wake uliochanika upande, akanitazama kama ananidai maelezo. Nikatupa mshipi bila kuvisha mahindi kwenye ndoana.

Lakini nikuambie ukweli, shemeji, baada ya hapo nilikosa raha. Samaki wale hawakimbii. Hata nikimtoa mmoja kwa vurugu, wengine hawatawanyiki, wanabaki palepale, pua tutani. Sijawahi kuona hivyo tangu nianze kuvua.

Wewe ndiye uliyesomea maji. Niambie ni nini.

Shemeji yako wa bati


Ijumaa, 19 Septemba

Shemeji,

Salamu kwanza, hata kwa mtu asiyejibu.

Wiki tatu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga hawakuwa wapuuzi. Barua yangu hukuijibu, ila ulimpigia dada yako ukasema mkeo mgonjwa, anahitaji mtu wa kumsaidia, aje na nguo za mwezi mzima. Nilimpeleka kituoni mwenyewe. Alilia njia nzima kwa ajili ya wifi yake.

Jana ametuma salamu kwa kondakta wa basi. Amemkuta wifi yake juu ya ngazi, anaosha madirisha na kuimba.

Njia ya mwongo ni fupi, shemeji. Sikukasirika. Niliketi kwenye benchi la karakana nikafikiri polepole, kama tunavyofikiri sisi tusiosomea. Mtu anamwondoa dada yake chini ya tuta kwa uongo. Anauliza habari za udongo kwenye glasi. Kisha ananyamaza. Mtu huhamisha samaki wake mmoja kimyakimya pale tu anapojua maji yale yameharibika.

Mtaa huu wa chini ya tuta una milango arobaini na miwili. Nimeihesabu leo, kwa sababu mingi niliitengeneza mimi. Fundi viatu ana wajukuu wanne. Mwalimu mstaafu hawezi kutembea bila fimbo. Hao nao umewatafutia wifi mgonjwa?

Mvua zimeanza huko milimani. Maji ya bwawa yamefika kwenye lile jiwe jeupe lililo karibu na juu ya tuta.

Niambie kweli, hata kama ni mbaya.

Mume wa dada yako


Ijumaa, 26 Septemba

Shemeji yangu, kaka yangu,

Sijui nikusalimu vipi. Natumaini barua hii inakukuta mzima. Hilo ndilo ninaloliomba kila nikiamka.

Umeona sawasawa. Tuta linaliwa ndani kwa ndani. Maji yamepata njia pembeni mwa lile bomba na yanatoka na udongo. Mahindi yako yanavutwa na njia hiyo, na karpi wanaifuata. Kadiri tundu linavyopanuka, ndivyo unavyopata samaki wengi. Kila barua yako ya furaha ilinikosesha usingizi.

La kuvunda halina ubani, kwa hiyo nalisema lilivyo. Ile siku ya Mwenyekiti nilitakiwa kushuka chini ya tuta, nitambae hadi mdomo wa bomba na taa, nitazame kama kuna ufa na maji yanayovuja. Ukaniita, mshipi umekaza, njoo na wavu. Nikasema nitashuka baadaye. Jua lilipotua, mimi na wewe tulikuwa tunacheka. Fomu niliijaza sebuleni kwenu, dada akinikaushia suruali. Niliandika: bomba limekaguliwa, hakuna tatizo, likaguliwe tena baada ya miaka mitano. Nikatia sahihi.

Kwa sababu ya fomu hiyo hakuna aliyeshuka tena. Na kwa kazi nzuri ile wakanipandisha cheo.

Nina aibu, shemeji. Nilitaka kumtoa dada kwanza ndipo nifikirie mengine, halafu kila siku nikapata sababu ya kutofikiria. Mwisho wa mwezi huu nathibitishwa kwenye cheo changu. Nipe wiki moja tu, nitafute namna ya kuandika bila kuangamia. Nitaandika, naapa. Wewe toka hapo sasa hivi. Njoo kwangu. Kona hiyo usiikanyage.

Mdogo wako, ukinikubali bado


Jumapili, 5 Oktoba

Mdogo wangu,

U mzima? Mimi mzima. Nakukubali. Mtu hachagui shemeji, hupewa na mke, na wa kwangu sikuwahi kumjutia hata leo.

Siku ile nawe hukuwa peke yako. Ni mimi niliyeita njoo na wavu. Nimelifikiria hilo sana tangu juzi barua yako ilipofika.

Ijumaa nilikwenda ofisi ya bwawa na glasi yangu. Barua yako niliiacha nyumbani, sitaki kukuuza. Niliwaambia nilichokiona: risasi inayozama, mahindi yanayovutwa, samaki wasiotawanyika. Walicheka, niliona mabega yao yakitikisika. Yule kijana wa mezani akanitolea karatasi akanionyesha kwa kidole, maana nilimwambia sisikii. Bomba limekaguliwa, hakuna tatizo. Chini yake sahihi yako, ile yenye mkia mrefu. Akaniandikia pembeni: mzee, nani zaidi, mkaguzi au karpi?

Kwa hiyo maneno yangu hayatoshi. Karatasi yako hushindwa na karatasi yako nyingine tu. Usingoje zaidi, shemeji. Andika leo, angamia kesho, utakuwa hai na mimi nitakufundisha kugonga bati.

Jana niliwaita wavuvi wote, fundi viatu wa kwanza, nikawaonyesha kona. Siri ya karibu miezi mitatu nimeitoa kwa dakika moja. Nilidhani wataogopa. Walikimbilia mahindi! Leo tangu asubuhi wamejipanga pale kama watu kwenye foleni, wanavua kwa vicheko, na ninapowaambia tokeni wananiona nimewaonea choyo. Hapo nami nimekosea. Nilipaswa kujua mvuvi ukimwonyesha samaki haoni tuta.

Ni saa tano na nusu. Nimetoka kwenye mfereji sasa hivi. Maji yamegeuka rangi ya chai ya maziwa na kishimo cha kikombe kimekuwa beseni. Nimeweka kiganja juu ya tuta, linatetemeka kidogo, kama bati lililo chini ya nyundo ya mtu mwingine. Hilo nalijua, ni kazi yangu.

Basi sitabishana tena na mtu. Nina shiti moja la bati jipya, nilikuwa nimeliweka kwa ajili ya paa la mwalimu. Nitaanza na wale wa kona, kisha nishuke nalo mtaani mlango kwa mlango, nigonge mpaka wakimbilie mlimani kwa hasira kama si kwa hofu. Mimi sitasikia kitu, ila wao watasikia.

Barua nampa kondakta wa basi la saa sita. Mwambie dada yako kabichi zilikuwa nzuri.

Shemeji yako wa bati


Alhamisi, 30 Oktoba

Shemeji,

Nakusalimu, ingawa najua.

Karatasi yangu niliipeleka ofisini Jumatatu, tarehe 6, saa mbili asubuhi. Niliandika kila kitu, na siku ya Mwenyekiti, na suruali iliyolowa. Mkubwa wangu aliisoma mara mbili, kisha akaniuliza kama nimesikiliza redio. Tuta lilikuwa limekatika Jumapili, saa saba na robo.

Nimekuja huku. Nakuandikia nikiwa mlimani, kwenye darasa ambamo watu wa mtaa wako wanalala. Nimewahesabu: milango arobaini na miwili, wote wamo. Wavuvi wamo. Mwalimu alibebwa mgongoni na fundi viatu. Wanasema walikulaani njia nzima ya kupanda, kwa kelele ulizowapigia.

Nyumba yenu haipo. Bwawa limebaki tope, na samaki wengi wamelala juu yake, wakubwa kwa wadogo. Sikumtafuta Mwenyekiti. Nilikutafuta wewe siku tisa, na siku ya kumi tukakuona chini ya tope.

Fundi viatu ndiye aliyenieleza. Ulikuwa umefika mlango wa mwisho, watu wake walishatoka kwa nyuma, nawe hukujua, ukaendelea kugonga. Kutoka mlimani waliyaona maji yanakuja nyuma yako. Walikuita, shemeji. Mtaa mzima ulisimama ukakuita, watoto na wazee, mpaka sauti zikawakauka. Nawe umewapa mgongo, unagonga bati.

Dada ameketi hapa kando yangu. Ananiuliza nilijua tangu lini. Nina barua zako zote mfukoni, na nikimaliza hii nitamsomea, nikianza na ile ya kwanza, ya kabichi zake.

Mdogo wako