Matone ya Jicho la Mama

Qurus, Jumanne 14 Agosti 1979

Bado sielewi. Matone yaleyale yaliyosinyaza mishipa ya damu iliyokuwa ikitambaa juu ya kioo cha jicho la mama, daktari anasema yakizidi yanaweza kumpofusha. Tuache sasa, wala tusimpe mtu mwingine.

"Dawa gani inaponya halafu inapofusha?" mama aliniuliza njiani tukitoka kwa daktari. "Si wewe ndiye msomi?"

Kitabu changu cha baiolojia kina mchoro wa jicho tu.

Jioni jirani yetu, Mama Paulo, alikuja na jicho jekundu. "Nidondoshee na mimi, jirani." Mama akanituma nilete chupa. Nikasema imekwisha, huku nimeishika mfukoni.

Alipoondoka, mama alinitazama kwa jicho lile lililopona. "Haya, kama una hakika yangempofusha."

Sina hakika.